Dokta Carl Becker wa Oicha na Nyankunde: mgeni aliyeandaa warithi



Kwa miaka mingi hospitali za Goma zimepokea wageni wa namna moja. Ni wanafunzi wa tiba na walimu wao, wanaotoka vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, wengine kwa wiki tatu, wengine kwa miezi sita, wachache kwa miaka. Wanavaa koti jeupe, wanazunguka vitandani pamoja na waganga wetu, wanaandika katika daftari, kisha wanarudi kwao. Katika vyuo vyao somo hilo linaitwa afya ya dunia. Limekua sana tangu mwanzo wa karne hii, na mwaka 2008 vyuo vikuu vingi vya Amerika Kaskazini viliunda umoja wao kwa ajili ya somo hilo. Kwa upande wetu, vyuo vya Goma, na kati yao Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu, ULPGL, ambacho makanisa yetu ya Kiprotestanti yalikianzisha mwaka 1985, vimetafuta ndugu wa mbali wa kufundisha pamoja nao.

Tunamshukuru Mungu kwa ndugu hao. Lakini makanisa ndiyo yenye hospitali hizi na vyuo hivi, na watoto wanaosoma humo ni wetu. Kwa hiyo tuna haki, na tuna wajibu, wa kuuliza swali moja: siku mgeni anapopanda ndege, ni nini kinachobaki mikononi mwetu?

Swali hilo ni la zamani kuliko vyuo hivi. Wazee wetu wa Beni, Oicha na Ituri walimwona mtu aliyelazimishwa na maisha kulijibu. Jina lake ni Carl Becker. Kwa kuwa vijana wengi wanasikia jina hilo bila kujua habari zake, tunapenda kuzieleza hapa.

Kutoka Pennsylvania mpaka Katwa

Carl Becker alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Manheim, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alisoma tiba katika chuo cha Hahnemann, mjini Philadelphia, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akafungua kazi yake Boyertown, katika jimbo hilohilo. Alikuwa daktari wa mji, mwenye wagonjwa wengi na mapato mazuri. Yeye na mke wake Marie walikuwa na nyumba, na hakuna aliyewafukuza kwao.

Mwito ulimfikia kupitia Charles Hurlburt, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa misheni ya AIM. Daktari mmisionari alikuwa amefariki Kongo, na nafasi yake ilikuwa wazi. Becker hakukubali mara moja. Alipima, akaomba, mwishoni akauza vitu. Mwaka 1929, akiwa na miaka 35, alisafiri na jamaa yake mpaka Kongo ya Wabelgiji. Alitoka katika mapato makubwa akaingia katika posho ndogo ya mmisionari.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Katwa, karibu na Butembo. Wandugu wa CBCA wanaijua Katwa vizuri, na jina hilo litarudi katika habari hii. Baadaye alihamishiwa Aba, kule kaskazini karibu na mpaka wa Sudani, na katikati ya miaka ya 1930 akateremka Oicha, kaskazini ya mji wa Beni, pembeni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Hapo ndipo alipokaa karibu miaka 30.

Oicha: daktari mmoja na umati

Mwanzo wa Oicha ulikuwa nyumba za udongo na majani. Wagonjwa walitembea kwa siku nyingi: Wanande kutoka milimani, watu wa kabila nyingi kutoka Ituri, na Wambuti waliotoka msituni. Becker alipasua, alizalisha, alitibu macho, alitibu meno, alitibu wenye akili iliyosumbuka. Siku za Juma alikuwa hospitalini, na mwisho wa juma alikwenda vijijini kuhubiri, maana kwake mambo hayo mawili yalikuwa kazi moja.

Zaidi ya yote alijulikana kwa ukoma. Siku zile mwenye ukoma alikuwa mtu wa kukimbiwa. Familia ilimtenga, kijiji kilimjengea kibanda mbali, na hata kanisani watu waliogopa kukaa karibu naye. Becker aliomba ardhi, akafungua kijiji cha wenye ukoma kando ya hospitali. Walijenga nyumba zao, walilima mashamba yao, walikuwa na kanisa na shule yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliokaa pale walifika maelfu.

Matibabu ya zamani yalikuwa sindano za mafuta ya mti wa chaulmoogra, zenye maumivu mengi na faida kidogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja dawa za salfoni, hasa dapsoni, na kwa mara ya kwanza waganga waliweza kusema kwamba ukoma unaweza kuzuiwa. Lakini dozi gani? Kwa muda gani? Mwili wa nani unaitikia vizuri, na wa nani unasumbuka? Majibu ya maswali hayo hayakuwa London wala Philadelphia. Yalikuwa mahali wenye ukoma walipokuwa wengi na mahali mtu alipoandika habari zao kwa uangalifu, mwaka baada ya mwaka. Oicha ilikuwa mahali pa namna hiyo.

Hivyo mwendo wa elimu ukageuka. Robert Cochrane, Mwingereza aliyekuwa bingwa mkubwa wa ukoma, aliyewahi kuongoza chuo cha tiba cha Kikristo cha Vellore kule India, alivutwa na kazi ya Oicha. Waganga wengine kutoka nchi mbalimbali walifunga safari mpaka kijiji hiki cha msituni ili kuona na kujifunza. Leo tungeita jambo hilo ushirikiano wa kimataifa katika afya ya dunia. Wakati ule hapakuwa na mkataba wala ofisi. Palikuwa na wagonjwa wa Oicha, ambao miili yao ilifundisha waganga wa dunia, na majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Tunawataja hapa kwa heshima, maana elimu ile ilitoka kwao pia.

Wauguzi waliobeba kazi

Daktari mmoja hawezi kutazama maelfu. Becker aliijua hesabu hiyo mapema, akaanza kufundisha vijana wa Kikongomani. Aliwafundisha kufunga vidonda, kisha kutumia hadubini kutafuta malaria na minyoo, kisha kutoa dawa ya usingizi, na waliothibitika waliingia katika chumba cha upasuaji wakafanya upasuaji kwa mikono yao. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho wageni wa wakati ule walikiita Kingwana.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Katika miaka 30 ile ya Oicha, hakuna kijana hata mmoja aliyetoka pale akiwa daktari mwenye diploma ya chuo kikuu. Kosa hilo halikuwa la mtu mmoja. Serikali ya Wabelgiji iliweka ukuta: Mkongomani aliweza kuwa muuguzi, na wachache waliosoma zaidi waliweza kuwa wasaidizi wa waganga, lakini si mganga kamili. Kwa miaka mingi serikali ilisaidia kwa fedha shule za misheni ya Kikatoliki tu, na ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo shule za Kiprotestanti nazo zilianza kupata msaada huo. Watoto wetu walichelewa kufika katika shule za sekondari zinazofungua mlango wa chuo kikuu. Na baadhi ya wamisionari wenyewe waliogopa kwamba elimu ya juu ingewatoa vijana kanisani.

Kulikuwa na vyuo vikuu vya nje vilivyofanya kazi katika nchi hii hata wakati ule. Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kilianzisha mfuko wa tiba ulioitwa FOMULAC mwaka 1926, wenye hospitali na shule kule Kisantu, na baadaye ukafungua kazi Katana, kando ya Ziwa Kivu, upande wa Bukavu. Mwaka 1954 Louvain hiyohiyo ilisimamisha Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Lakini masomo ya tiba ni marefu, na mlango ulifunguliwa kwa kuchelewa. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, nchi hii kubwa haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani aliyemaliza chuo kikuu.

Waganga wengi wa Kibelgiji waliondoka katika wiki chache. Shirika la Afya la Dunia lililazimika kuchukua wasaidizi wa waganga, watu wazima wenye miaka mingi ya kazi, na kuwapeleka katika vyuo vikuu vya Ufaransa ili wamalize masomo ya udaktari. Walirudi baada ya miaka michache, wakashika hospitali. Tukumbuke jambo hili: walipopewa nafasi, walifaulu. Akili haikukosekana. Ni mlango uliokosekana.

1964: hospitali bila mganga wake

Kisha ukaja wakati ambao wazee wetu bado wanautaja kwa sauti ndogo, wakati wa Simba. Mwezi wa nane 1964 waasi waliteka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na vita vikaenea mashariki yote. Wakongomani wengi sana waliuawa, wachungaji na walimu na watumishi wa serikali, na wamisionari nao waliuawa. Kati yao alikuwa Paul Carlson, daktari Mmarekani, aliyepigwa risasi Stanleyville mwezi wa kumi na moja mwaka huo. Helen Roseveare, daktari Mwingereza wa Nebobongo, alikamatwa, akateswa, akaponea chupuchupu.

Becker alikuwa na miaka 70. Ndugu wa Oicha walimsihi aondoke, naye akavuka kwenda Afrika ya Mashariki. Nyuma yake aliacha wauguzi wale aliowafundisha. Walibaki na wagonjwa, na wenye ukoma, na waasi njiani, na dawa zinazopungua. Hakuna mgeni aliyesimama nyuma yao kuwaongoza. Waliendelea kutibu.

Kwa mtu wa miaka 70, huo ungekuwa mwisho wenye heshima. Angerudi Pennsylvania, angepokelewa katika makanisa, angepumzika. Wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliporudi Kongo, baada ya mwaka hivi, hakurudi na shauri la kuanza tena Oicha kama zamani. Vita vilikuwa vimemwonyesha wazi mambo mawili. Kwanza, kwamba mgeni anaweza kuondolewa wakati wowote. Pili, kwamba wale aliowafundisha walistahili kufundishwa zaidi sana, na kufundishwa katika shule inayotambuliwa, yenye diploma ambayo serikali inaipokea.

Nyankunde: misheni tano, shule moja

Hapa tunafika kwenye tendo kubwa zaidi la maisha yake, na alilitenda akiwa mzee. Misheni za mashariki zilikuwa kila moja na hospitali yake ndogo, daktari wake mmoja, wauguzi wake, na mipaka yake. AIM ilikuwa Oicha na kwingine, ile iliyozaa CECA 20. WEC ilikuwa Nebobongo, ile iliyozaa CECCA 16. Kila moja ilikuwa maskini peke yake. Hakuna iliyoweza kuwa na walimu wa kutosha kwa shule ya kweli.

Kule Kongo ya Chini, misheni kadhaa za Kiprotestanti zilikuwa zimeshaonyesha njia: tangu mwanzo wa miaka ya 1950 zilikuwa na taasisi moja ya tiba ya pamoja, IME ya Kimpese. Mashariki ikafuata mfano huo. Misheni tano zilikubali kuweka waganga wao, vyombo vyao na fedha zao mahali pamoja, Nyankunde, karibu na Bunia, penye hewa nzuri na uwanja wa ndege. Hivyo kikazaliwa Kituo cha Tiba cha Kiinjili, CME, na shule ya wauguzi ndani yake. Helen Roseveare, yule aliyeteswa, alirudi Kongo mwaka 1966 akawa mwalimu wa shule hiyo mpaka 1973. Ndege za MAF zilibeba waganga wa Nyankunde kwenda hospitali za mbali, kupasua wagonjwa waliowekwa tayari na kufundisha wauguzi wa kule.

Tufikirie kidogo ugumu wa jambo hili. Misheni tano zina maneno tofauti juu ya ubatizo, juu ya uongozi, juu ya nani anaajiri na nani anafukuza. Kila moja ina wafadhili wake wanaopenda kuona jina lake juu ya mlango. Kuunganisha nyumba za namna hiyo ni kazi ngumu kuliko upasuaji. Ilihitaji mtu ambaye wote walimheshimu na ambaye hakutafuta jina. Becker alikuwa na uzito huo. Baada ya kuwa mkuu wa Oicha kwa miaka mingi, alikubali kuwa mmoja kati ya wengi.

Alifanya kazi mpaka mwaka 1976, akiwa amepita miaka 80. Kisha yeye na Marie walirudi Marekani. Alifariki mwaka 1990. Wengi katika makanisa ya Beni na Ituri walilia kama waliofiwa na babu.

Mti ulizaa hata Goma

Shule ya Nyankunde ilikua mpaka kuwa chuo cha juu cha tiba, ISTM. Wauguzi wake wametawanyika katika jimbo la Ituri, Kivu ya Kaskazini na zaidi. Ukiingia katika kituo cha afya cha kijijini, ukauliza muuguzi mkuu alisoma wapi, mara nyingi utasikia jina la Nyankunde.

Tawi moja lilifika katika mji wetu. Dokta Kasereka Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, na mkewe Lyn, walifanya kazi Nyankunde kabla ya kuhamia Goma. Hapa walianzisha kazi iliyoitwa DOCS, yenye shabaha ya kuwapa waganga vijana wa Kikongomani mafunzo ya vitendo. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa HEAL Africa. Lyn alifariki mwaka 2012, na Goma bado inamkumbuka.

Mwaka 2002 urithi huu ulijaribiwa mara mbili. Mwezi wa kwanza Nyiragongo ilimwaga moto juu ya Goma, na hospitali ya DOCS iliunguzwa. Mwezi wa tisa, tarehe 5, Nyankunde ilishambuliwa. Mamia ya watu waliuawa, hata wagonjwa vitandani, na hospitali ikaporwa mpaka mabati. Kama kazi ingekuwa majengo, ingekwisha mwaka ule. Lakini hospitali ya Goma ilijengwa tena juu ya lava. Wafanyakazi wa Nyankunde walitembea kwa miguu siku nyingi msituni, na wakaanza kutibu na kufundisha tena Beni na Bunia. Baadaye Nyankunde yenyewe ilifunguliwa upya.

Jaribu lingine tumeliona kwa macho. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma. Uwanja wa ndege ulifungwa, na wageni wengi waliondoka. Hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi kupita vitanda vyake. Waliopasua usiku na mchana walikuwa waganga na wauguzi wa Kikongomani, pamoja na timu ya Msalaba Mwekundu ya Kimataifa iliyokuwa imefanya kazi nao hapo kwa miaka. Swali la 1964 lilirudi, na jibu lilitolewa na watu waliokuwa wamefundishwa kabla ya siku ya shida.

Tunachojifunza kwa ushirikiano wa leo

Sasa turudi kwa vyuo vikuu na makubaliano yao. Tangu Becker aondoke, nchi yetu imeona mifano mingi. Katika miaka ya 1980 kulikuwa Kinshasa mradi mkubwa wa utafiti wa UKIMWI, ulioitwa Projet SIDA, wenye wataalamu wa Marekani na wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp pamoja na Wakongomani. Ulifundisha dunia mambo mengi. Mwaka 1991, wakati wa uporaji wa Kinshasa, wageni waliondoka na mradi ukafungwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, Chuo Kikuu cha Tulane cha Marekani kilisaidia kuanzisha Shule ya Afya ya Jamii ya Kinshasa, ndani ya chuo kikuu cha nchi. Tulane ilikwenda, shule ikabaki, nayo hata leo inatoa waganga wakuu wa zoni za afya. Tofauti kubwa kati ya mifano hii miwili ni kwamba mmoja ulikuwa mradi, na wa pili ulikuwa shule yenye wenyeji.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Ebola ya 2018 mpaka 2020. Utafiti wa dawa uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, ulifanyika Beni, Butembo, Mangina na Katwa, ileile Katwa ambapo Becker alishukia mwaka 1929. Uliongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa taasisi yetu ya INRB pamoja na taasisi ya afya ya Marekani. Mwezi wa nane 2019 ulionyesha dawa mbili zinazookoa wagonjwa wengi kuliko nyingine. Moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Ripoti ilipotoka katika gazeti kubwa la tiba la dunia, jina la kwanza juu yake lilikuwa la mtafiti Mkongomani, Sabue Mulangu. Mjini Goma kuna leo maabara ya INRB inayoweza kupima magonjwa makali bila kungoja Kinshasa. Miaka 90 imepita kati ya Katwa ya kwanza na Katwa ya pili. Katika ile ya kwanza mgeni alipima na mwenyeji alishika taa. Katika ya pili walipima pamoja, na mwenyeji aliandika.

Kwa hiyo, makanisa yanapoketi na vyuo vya nje kuzungumza makubaliano, tunaona maisha ya Dokta Becker yanatupa maswali manne ya kuweka mezani.

La kwanza ni muda. Becker alikaa miaka 47, na hatudai hivyo kwa kila mgeni. Lakini mgeni wa wiki tatu huja kujifunza, naye apokelewe kama mwanafunzi, asipewe kazi ambayo kwao asingeruhusiwa kuifanya. Mwili wa mgonjwa maskini wa Goma si daftari la mazoezi.

La pili ni njia ya kwenda na kurudi. Kama wanafunzi 10 wa kwao wanakuja Goma, wanafunzi wetu wangapi wanakwenda kufanya staji kwao? Tunajua habari za viza na gharama. Ndiyo maana jambo hilo liandikwe mapema, pamoja na fedha zake, lisiachwe kwa huruma ya baadaye.

La tatu ni jina na elimu. Damu, picha na hesabu zinazotoka katika hospitali zetu zina wenyewe. Mtafiti anayeshuka kama mtu wa parashuti, akachukua, akaondoka, na mganga aliyemsaidia usiku kucha akashukuriwa kwa mstari mmoja mwishoni, anarudisha mambo ya zamani. Jina la mwenyeji liwe juu ya kazi aliyoifanya.

La nne ni umoja wetu wenyewe. Misheni tano maskini zilipata shule moja nzuri kwa sababu zilikubali kuketi pamoja. Leo tuna vyuo vingi vya tiba mashariki, vingine vikiwa na walimu wachache na maabara tupu, kwa sababu kila jumuiya inataka chuo chenye jina lake. Mgeni akija, tunamgombania. Hatuwezi kudai ushirikiano wa haki kutoka mbali wakati majirani tunashindwa kushirikiana darubini moja.

Mtume Paulo alimwagiza Timotheo ayakabidhi mafundisho kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine nao. Dokta Becker aliyasoma maneno hayo maisha yake yote, na ilimchukua mpaka miaka 70 kuyajengea shule. Alipojua, hakusema ameshachelewa. Wachungaji wetu, kamati za hospitali zetu na wakuu wa vyuo vyetu wana nguvu na miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo yeye siku ile.

Tunaomba kila parokia, katika ibada ya Jumapili moja ya mwezi huu, iwataje kwa majina wauguzi na waganga wake wanaofanya kazi katika hali ya vita, na wanafunzi wake wanaosoma tiba. Tena tunaomba wazee wa kanisa wanaokaa katika halmashauri za hospitali waombe kuonyeshwa makubaliano yaliyopo na vyuo vya nje, wayasome, na wayaulize yale maswali manne.

Bwana awabariki.